Ngobyi Haiulizi Dhambi

Wale wanaosema Verdiane alikuwa mupagani wa kujificha, waje waniambie mimi usoni. Mi njo Sidonie, dada ya marehemu bwana yake, na yeye alikuwa semeki yangu kwa miaka mingi kuliko meno iliyobaki mu kinywa yangu. Tulilima naye, tuligombana naye, tulikula naye sombe ku sahani moja. Mupagani? Aka! Rozari yake iliisha rangi kwa kushikwa. Alikuwa anasali kwa sauti kubwa mupaka jirani wanajua ni nani amemukasirisha juma ile.

Alizaliwa Karuba, kule ku baridi na ngombe, akaolewa kwetu Kibabi. Kaka yangu Viateur alikufa angali kijana, akamuachia mabinti wawili na shamba ya maharagi kando ya shapeli. Wanaume walikuja kumuposa, akawakatala wote. Mumoja alimuambia shamba bila mwanaume inakauka. Verdiane akamujibu: «Basi kalale mule, tuone kama utaota.» Njo vile alikuwa. Kinywa yake haikuwa na mulango, na mukono yake haikuwa mbali na kinywa.

Lakini nataka kuwaeleza ile mambo ya Evode, juu watu wanaieleza vibaya.

Kwetu ku mulima gari haifiki. Muntu akizidiwa, tunamulaza mu ngobyi, ile kitanda ya matete na kamba yenye miti miwili mirefu, watu wane wanaiweka mabegani, wanateremuka naye mupaka hospitali. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mwanaume. Asiyekuja analipa mutungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kasiksi yenyewe inanyweka mbele yake, yeye anaangalia tu. Mukubwa wa ngobyi alikuwa Papa Ndayambaje, na sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: mugonjwa haulizwi kitu. Damien aliiba mbuzi, akaumwa, tukamubeba, na mwenye mbuzi njo alikuwa begani mbele. Tulibeba bibi mumoja wanayesema iko mulozi. Wabebaji walikuwa wanatetemeka, lakini walimufikisha. Ukishalazwa mule, maneno yako inabaki nyumbani.

Wanamuke tulikuwa tunafuata nyuma na maji na muhogo wa kuchemsha. Muti wa ngobyi hatugusi. Wazee walisema mwanamuke akiushika tu, mugonjwa anafia njiani. Nani aliona ile? Hakuna. Lakini wote tuliogopa.

Sasa, Evode. Evode alikuwa mutoto wa Papa Séraphin, katekista wetu, mutoto yake wa pekee. Nitasema haki: Séraphin hakuwa muntu mubaya. Yeye njo alitufundisha kusoma. Mvua inyeshe, jua liwake, alikuwa anatembea mupaka ku misioni kutuletea habari ya mupadri. Lakini akianza jehanamu, weee! Ungesema alilala kule jana. Alikuwa na picha kubwa ya misioni, ya watu wanaungua, na fimbo ya kuonyesha: huyu alizini, huyu aliiba, huyu hakuungama. Mwisho anasema: «Na Mungu anawapenda wote.» Verdiane kila mara anainua mukono: «Hata wale wa ku picha, Papa Katekista?» Séraphin anamuambia akae chini.

Evode alienda Mubi, mu pori ya Walikale, kutafuta kazi ya kuchimba mawe. Alirudi na bibi, Anastasie, musichana wa pori, mupole kabisa. Ndoa ya shapeli hawakuwa nayo, kwa hiyo mutoto yao hakupata batisimu. Séraphin alisema: muoane kwanza, ndiyo mutoto abatizwe. Walikuwa wanangoja mupadri apite. Homa haikungoja. Siku ile Séraphin alikuwa ku misioni. Aliporudi alikuta mujukuu yake amekufa.

Akasema makaburi ya shapeli ni ya wale wamebatizwa. Alilia wakati anasema, mi nilimuona kwa macho yangu, machozi mupaka ku kola. Lakini alisema. Mutoto akazikwa nyuma ya nyumba, mu migomba. Evode akamuuliza: «Papa, mutoto yangu iko wapi sasa?» Na Séraphin akamujibu ile aliyofundishwa: «Haitaona uso wa Mungu.» Mi nilikuwa pale nimeshika jembe, na nilitamani ardhi inifunike. Muntu anajibu vile mu mazishi ya mutoto? Kwa mutoto yake mwenyewe?

Juma ile ile, muchana kweupe, watu wote wako mashambani, Evode alitia moto shapeli. Ilikuwa majani makavu ya kiangazi. Upepo ukachukua moto, ukaupeleka ku ghala ya Verdiane: maharagi yote ya mavuno, na mbuzi yake moja iliyofungwa pale. Verdiane alimukuta Evode amesimama anaangalia, hata hakimbii. Alimupiga na mupini wa jembe mupaka wanaume wane wakaja kumutoa mikononi mwake. Ile mwaka, 1967, ile franga iligeuka zaire na makuta, watu wengine wanakumbuka makuta. Sisi tunakumbuka kipigo.

Séraphin akasimama mu majivu, akasema mbele ya watu wote: «Huyu ni damu yangu, na namupenda. Mungu naye anamupenda. Lakini mulango umefungwa, na ufunguo ni musamaha. Aombe, tufungue. Asipoomba, ule moto aliouwasha utamungoja kule mbele, na ule hauzimiki.» Evode akasema: «Siombi. Nyinyi njo muniombe mimi.» Akaenda zake, na toka siku ile hakuna muntu alimusalimia.

Mwezi wa kumi na moja, mvua imechafua njia zote, mushipa wa Evode, ile ngiri, ukashuka na kukatala kurudi. Tumbo ikafura, ikawa ngumu, anatapika mupaka maji ya rangi ya majani. Kila muntu mu mulima alijua ile ugonjwa: asipofika ku hospitali apasuliwe, anakufa. Anastasie akakimbia kwa Ndayambaje apige pembe. Pembe haikulia. Séraphin alikuwa ametangulia kufika: atakayebeba Evode kabla hajaomba musamaha, Noeli asikaribie komunio. Akamutumia mutoto yake ujumbe: sema neno moja tu. Evode, katikati ya matapishi, akajibu neno moja: hapana.

Verdiane alikuwa anapalilia. Alisikia Anastasie analia njiani, akasimamisha jembe, akasikiliza habari yote. Aliangusha jembe palepale. Akaenda moja kwa moja kwa Ndayambaje, mi nyuma yake. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya paa wanaangalia mvua. Ngobyi imetundikwa juu ya vichwa vyao.

«Papa Ndayambaje, pembe yako imeziba?»

«Mama Verdiane, we njo unauliza? Maharagi yako njo iliungua.»

«Maharagi yangu najua mwenyewe. Mi nauliza ngobyi.»

«Katekista amekataza. Aombe kwanza.»

«Toka lini tunauliza mugonjwa?»

Muzee mumoja akakohoa, akatoa methali yake: «Asiyesikia la mukuu, huvunjika muguu.»

«Njo hivyo!» Verdiane akamuonyesha kidole Théogène, aliyekaa pembeni. «Na huyu alivunjika! Alivunjika akitoka kwa bibi ya wenyewe, akaruka lupango, akaanguka. Tulimuuliza anatoka wapi? Tulimubeba! Mukeka juu, mwavuli juu, na maji ya moto nyuma!»

Watu walicheka, hawakuweza kujizuia. Théogène akaangalia vidole vya miguu yake. Lakini hakuna aliyesimama. Basi Verdiane akapanda ku kiti, akashika ngobyi na mikono yake miwili, akaiteremusha.

Yesu Maria! Hata mvua ni kama ilinyamaza. Ndayambaje akashika kichwa: «Umeigusa!»

«Imeguswa. Sasa?»

«Mugonjwa atafia njiani!»

«Na pale iko amelala, anapona?»

Akaniangalia mimi. Nikamuambia polepole: «Semeki, tutamuua.» Akasema: «Sidonie, anakufa vizuri sana bila sisi. Shika muti.» Nikashika. Muti ulikuwa muti tu, baridi na umelowa.

Tulikuwa wane: Verdiane, mimi, Anastasie, na Emérita muuza kasiksi, mama munene mwenye nguvu ambaye hakuwahi kukatala vita hata moja, iwe ya nani. Hakuuliza hata juu ya nini. Alifunga kitambaa ku kiuno, akaja.

Evode alipomuona Verdiane ku mulango, akasema: «We unakuja kunimaliza?»

«Nikitaka kukumaliza ningebaki ku maharagi yangu.»

«Sikuombi musamaha.»

«Na mi sikusamehe. Ile mbuzi ilikuwa na mimba. Lala mule, shika kamba.»

Tukamuinua. Njiani alitutukana wote, na mama zetu. Alisema tutamuangusha. Verdiane akamuambia: «Tukikuangusha utafika mu matope tu. Si kule baba yako anakuonyesha na fimbo.» Emérita alicheka mupaka ngobyi ikatikisika, na Evode akapiga kelele ya maumivu.

Njia inapita mbele ya shapeli. Ilikuwa inajengwa upya, majani nusu, nusu mbingu wazi. Séraphin alikuwa anafundisha wakatekumeni, picha yake imetundikwa ku ukuta. Alipotuona akatoka, akasimama katikati ya njia. Ndevu hakunyoa, macho mekundu. Hakulala, yule muntu. Mi nilimuhurumia na nilitaka kumupiga, vyote pamoja.

«Mama Verdiane, weka chini.»

«Niweke, wewe umuinue?»

«Unafikiri mi simupendi? Mi njo nilimuzaa.»

«Najua. Njo maana nakuuliza mbele ya watu. Unamupenda?»

«Namupenda.»

«Na unamuacha afe juu ya neno moja.»

«Si mimi!» Séraphin akalia kwa sauti. «Yeye njo anajifungia! Mulango ni kufunguliwa tu, aseme. Mapendo hailazimishi muntu, Mama. Hata Mungu hakokoti muntu mbinguni kwa nguvu. Anayeenda motoni anaenda na miguu yake mwenyewe.»

Nitasema haki tena: lile neno lilikuwa na uzito. Bega lilikuwa linaniungua. Nilifikiri, sasa semeki amefungwa kinywa. Kumbe!

«Miguu yake?» Verdiane akasema. «Angalia hapa, Papa Séraphin. Angalia mutoto yako. Miguu iko wapi? Iko amelala. Hasimami, hatembei, hata maji hayashuki. Mutoto yake alikufa, ukamufungia na mulango ya mbingu juu yake, toka siku ile kichwa yake inauma kuliko tumbo. Hiyo hasira ni ugonjwa! Na we unasema apone kwanza, ndiyo tumubebe? Ulishaona wapi? Tunangoja mugonjwa apone ndiyo tumupeleke hospitali?»

Séraphin akaangalia miguu ya Evode.

«Na ile mbingu yako,» Verdiane akaendelea, «mi ukinifikisha kule, wanikalishe ku kiti, wanipe na nyama, na ule mutoto mudogo iko inje, na Evode iko chini anaungua bila mwisho, unafikiri nitameza? Nitashuka. Nasema mbele ya hawa wote. Nitachota maji na nitashuka. Na Mungu akiniuliza unaenda wapi, nitamuambia: Baba, kule Kibabi tulikuwa na ngobyi.»

Wakatekumeni walishika vinywa. Emérita, jasho mupaka ku kidevu, akasema «Ameni!» kwa nguvu.

«Unatukana Mungu,» Séraphin akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

«Mi simutukani. Mi namuheshimu kuliko wewe. Wewe njo unamufanya kuwa mudogo kuliko Ndayambaje. Ondoka ku njia.»

Akaondoka ku njia. Tukapita. Mi nilipomuangalia nyuma alikuwa amesimama palepale, fimbo mukononi, mvua inamuangukia.

Wanaume wanapenda kusema ngobyi si kitu. Niambieni mimi! Ule muteremuko wa baada ya shapeli, matope inakuvuta muguu, muti unakula bega mupaka unasikia mufupa. Emérita aliteleza, akaanguka na magoti, lakini muti hakuuacha, akauinua na shingo. Anastasie alikuwa analia bila kusimama, na kila mara anasema pole, pole, sijui alikuwa anamuambia nani. Nguo ya Verdiane ilikuwa na damu ku bega. Evode aliacha kututukana, na ile njo ilituogopesha kuliko matusi. Nilifikiri ile ya wazee ni kweli, kwamba tumegusa muti na sasa anakufa. Nikaanza Salamu Maria, nikasahau katikati.

Mutaniuliza kama alipona. Alipona. Munganga alimupasua jioni ile ile, na mupaka leo Evode hajaomba musamaha, si shapeli, si maharagi, si mbuzi. Alirudi Mubi na bibi yake. Hakutuaga. Watu wanasema, muliona? Mulibeba bure. Bure! Sasa walifikiri tulikuwa tunanunua kitu? Mi wakiniambia vile natema mate chini. Lakini si hiyo njo nilitaka kueleza. Nataka kueleza ku muto.

Tulikuwa tumefika ku muto, maji yamejaa, na hatukuwa na nguvu ya kuvuka. Tuliweka ngobyi juu ya jiwe. Verdiane alikuwa anaangalia maji na kuyatukana. Ndiyo tukasikia muntu anateremuka nyuma yetu, anaanguka, anainuka, anaanguka. Alikuwa Séraphin. Bila viatu, bila fimbo, koti imepasuka, matope mupaka mapajani. Mbali juu yake tuliona Ndayambaje na wanaume wengine wameanza kuteremuka, hatua mbili mbele, moja nyuma, kama watu wameitwa kwa sheriya. Yeye hakuwangoja.

Hakutusalimia. Alienda ku Anastasie, akamutoa muti mukononi polepole, akauweka ku bega yake mwenyewe. Muzee yule, bega lenyewe halikuwa na nyama. Tukainua. Maji yalikuwa baridi mupaka ku kiuno, na katikati ya muto Evode akafungua macho, akaona ni nani iko chini ya kichwa chake.

«Papa,» akasema. Sauti ilikuwa imekauka. «Siombi. Unasikia? Siombi musamaha.»

«Nani amekuuliza?» Séraphin akasema. «Nyamaza, usijichokeshe.»

Na alikuwa analia, na hakuweza kujipanguza juu mikono yote miwili ilikuwa ku muti.

Tukatoka ku maji ngambo ya pili. Mwingine angenyamaza. Mi ningenyamaza. Muntu amevunjika mbele yako, unamuacha apumue. Lakini Verdiane hakuwa muntu wa kuacha swali ilale njaa. Walikuwa mbele wote wawili, bega kwa bega, na alimuuliza bila kugeuza kichwa:

«Na Mungu wako je, Papa Séraphin? Yeye atamuuliza?»

Séraphin alipandisha muti vizuri ku bega. Mulima ulikuwa unaanza tena, na wanaume walikuwa wamefika ku muto nyuma yetu, wanaita tuwangoje.

«Akimufungia mulango,» Séraphin akasema, «atanikuta inje naye, nimemubeba. Tembea, Mama.»